Siku Kamati ya Ulinzi wa Misuli na Mali Ilipozindua Kanuni Zake

Hili hutaliamini, jamani, na sikulaumu. Jumamosi ile usalama ndani ya gym ya Mama Blessing ulifikia kiwango ambacho haujawahi kufikia popote duniani. Hakikuibwa kitu. Hakuguswa mtu. Na mwenyekiti wa usalama wenyewe nusura akate roho, kwa kufuata kanuni.

Twende taratibu. Mama Blessing, jina lake Paskazia, ana gym kwenye senta moja ukikaribia Rwamgasa, nyuma ya makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Usifikirie gym ya vioo. Vyuma vyake ni ekseli za magari mabovu, huku na huku kopo la rangi lililojazwa zege. Aliijenga baada ya miaka ya kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, kando ya maji, mpaka mgongo ukagoma, na hana kingine hapa duniani zaidi ya hiyo gym na mwanawe Blessing.

Wateja wake ni wachimbaji, bodaboda na madalali, na utaratibu wao ni ule ule wa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu: mmoja akishuka shimoni, mwenzake anabaki juu na kamba. Kwa hiyo gym mnaingia wawili wawili. Mmoja ananyanyua, mwenzake anasimama kichwani pake, mikono karibu na chuma, jicho kwenye simu na viatu. Halafu mnabadilishana. Hajawahi kubanwa mtu, haijawahi kupotea hata soksi.

Mpaka alipokuja Mheshimiwa Marcel, diwani wetu, peke yake, maana mtu wa cheo haangaliwi na mtu. Akapotelewa na ndala. Moja. Ya kushoto.

"Mwizi gani anaiba ndala moja?" Mama Blessing akashangaa.

"Mwenye mguu mmoja," akasema Bujiku, mchimbaji wa Kisukuma mwenye kifua kama mlango wa stoo. "Tumfuate sasa hivi, mayu, hawezi kuwa amefika mbali."

Gym ikaangua kicheko. Marcel hakucheka. Wiki haikuisha, ikaundwa Kamati ya Ulinzi wa Misuli na Mali, yeye mwenyekiti, Kalisti katibu, na wajumbe watatu ambao kazi yao ni kutikisa kichwa kukubali, kwa pamoja. Na tuseme ukweli, nchi ilikuwa imechelewa mno kuwa na chombo kama hicho.

Siku ya uzinduzi wakaja na kasha la chuma, kufuli kubwa kama ngumi, na mnyororo.

"Shikamoo Mwenyekiti," Mama Blessing akaamkia. "Mnyororo wa nini?"

"Marahaba. Wa mlangoni kwako. Kanuni moja tu ikivunjwa leo, tunafunga gym moja kwa moja."

Mama Blessing akautazama mnyororo. Akatabasamu, maana ungefanyaje?

Marcel akapanda juu ya benchi. "Ndugu wanyanyuaji! Kufuatia tukio la uondokaji usio rasmi wa kiatu, Kamati imebaini kwamba chanzo cha wizi ni watu. Kwa hiyo, ni marufuku watu wawili kuwa kwenye chuma kimoja. Wawili ni njama! Ni marufuku kugusa kitu kilicho mikononi mwa mwenzako bila kibali cha maandishi. Na mali zote, narudia, zote, zinaingia kashani!"

"Viatu pia?" akauliza dalali mmoja.

"Viatu ndiyo hasa!"

Basi zikaingia simu, viatu, mikanda, kalamu za wajumbe, mpaka kofia ya Kalisti. Kamati nzima ikabaki peku, ili kuonyesha mfano. Marcel akafunga kufuli, akajivika ufunguo shingoni kwa kamba, akalala kwenye benchi kuonyesha umma namna ya kufanya mazoezi kwa usalama.

"Mwenyekiti, anza na kile chepesi," Mama Blessing akasema.

"Mimi sio mwepesi, mama."

Akakishusha chuma kutoka kwenye stendi. Kikashuka vizuri sana. Kikaendelea kushuka. Kikakaa kifuani, kikatulia kama kuku anayeatamia.

Kamati ikasogea kuangalia.

"Anapumzika," akanong'ona mjumbe mmoja.

"Sipumziki!" Marcel akakoroma. "Nitoeni!"

Mama Blessing akaruka, mikono mbele. Kalisti akatikisa mnyororo. "Mama, ukigusa, nafunga. Kipo mikononi mwa mwenzako. Mwenyekiti, tunaomba kibali cha maandishi."

"Niandike na nini, meno?"

"Kalamu zipo kashani."

"Ufunguo ninao shingoni!"

"Nao umo chini ya chuma," Bujiku akasema kwa huzuni ya msibani. "Gete, kweli kabisa, huu ulinzi umekamilika."

"Nazifuta! Nafuta kanuni zote!"

Kalisti akakohoa kidogo. "Kwa mujibu wa utaratibu, kanuni zinafutwa mwenyekiti akiwa ameketi."

"Nimelala!"

"Ndiyo maana, Mheshimiwa."

Mama Blessing alimwangalia Marcel anavyogeuka rangi ya nyanya. Akaangalia mnyororo. Akimnyanyua, gym imekwenda. Akimwacha, mtu amekwenda. Jasho likamtoka kuliko wateja wake wote.

Ndipo akauliza, kwa adabu kabisa: "Katibu, samahani. Kamati ni watu wangapi?"

Kalisti akajinyoosha. Hilo swali alikuwa analipenda. "Kamati sio watu, mama. Kamati ni chombo kimoja."

"Basi chombo kimoja kikishika chuma, njama iko wapi?"

Wajumbe wakatikisa kichwa kwa pamoja. Kisha wakaelewa walichokubali.

Wakakizunguka chuma, wanne, mikono laini ya kushika vikombe vya chai. "Moja, mbili, tatu!" Kikapanda! Marcel akateleza pembeni kama kambale, akaketi mwishoni mwa benchi akihema. Gym ikapiga makofi.

Lakini sasa Kamati ikabaki na chuma mikononi. Stendi iko juu kidogo tu, lakini nguvu za kukifikisha zimekwisha. Kukiachia chini, vidole vya miguu viko pale pale, peku, vinaangalia. Magoti yakaanza kucheza.

"Mama Blessing," Kalisti akasema, sauti imekuwa ya mtoto, "tupokeeni."

Bujiku na wenzake wakasogea, kila mmoja akasimama mbele ya mjumbe wake, viganja chini ya chuma, karibu kabisa, bila kugusa. Wote wakamtazama Mama Blessing.

Mama Blessing akavuta kigoda, akakaa mkabala na Marcel.

"Mwenyekiti, umeketi?"

"Nimeketi."

"Vizuri sana. Naona akidi imetimia. Ajenda ni zile kanuni."

Marcel akaangalia wajumbe wake wanavyotetemeka. "Ila ndala yangu..."

"Mwenyekitiii!" Kamati ikalia, chombo kimoja, sauti moja.

"Zimefutwa! Zote!"

"Na mnyororo?"

"Tunaondoka nao!"

Mama Blessing akanyanyua kidole. Wachimbaji wakapokea chuma, kwa upole, kama wanapokea mtoto.

Yeye anasema alisubiri muda wa kutosha. Mimi ningewaacha wasome na kumbukumbu za kikao kilichopita. Wewe ungekuwa kwenye kile kigoda, ungekinyanyua kidole saa ngapi?