Ukumbi Uliouzwa Mara Tatu

Aregae alikuwa na kipaji kimoja tu, lakini kilimlisha: angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, kisha akakudai nauli ya kukileta.

Asubuhi hiyo mjini Lodwar hakuwa akiuza kitu. Alikuwa akibandika bango kwenye ukuta wa hoteli ya chai, kwa uvivu wa mtu anayejua kwamba kazi anayoifanya haina malipo. Bango lilikuwa la filamu iitwayo *Faili la Kijani*, hadithi ya kashfa ya wakubwa. Lilionyesha mwanamume mwenye kitambi na kofia, uso wake umefichwa nyuma ya faili. Filamu yenyewe ilikuwa imekuja kaskazini ikichechemea. Kule Nairobi wiki ya kwanza ilipata watazamaji wachache kuliko matanga ya mtu mchoyo, na wiki ya pili majumba ya sinema yaliiondoa kimyakimya. Mama aliyeitengeneza, baada ya kuuza gari lake ili aimalize, alimpa Aregae haki ya kuionyesha Turkana nzima kwa sharti moja: katika kila shilingi mia ya tiketi, sitini ni zake. Aregae akatia sahihi. Huko Kakuma, mwenye ukumbi, Mama Nyamal, akadai arobaini katika kila mia. Aregae akatia sahihi hapo pia, bila kupepesa. Sitini ya sufuri ni sufuri, na arobaini ya sufuri ni mdogo wake. Alichokitaka yeye ni kadi mfukoni iliyoandikwa Msambazaji wa Filamu, aende nayo kwenye mashirika kuomba ufadhili.

Onyesho la kwanza pale Kakuma lilikuwa limeingiza watu wanne. Wawili walikuwa wakikimbia jua, na wawili walidhani kuna mpira.

Basi alikuwa akipaka gundi pembe ya mwisho ya bango aliposikia mtu akipumua nyuma yake. Alikuwa Mheshimiwa Lochakapong, mwenyekiti wa kamati moja ya visima, mtu wa kupunga mkono hata kwa mbuzi.

"Ejok," alisalimia mheshimiwa kwa Kiturkana, bila kupunga mkono.

"Ejok-noi, mheshimiwa."

"Huyu mtu ni nani?"

"Mwigizaji tu."

"Kwa nini wamemficha uso?" Mheshimiwa alisogea karibu na bango, akakitazama kile kitambi, kisha akafunga kifungo cha koti lake. "Hii filamu inasema nini?"

Aregae alikuwa karibu kusema ukweli, jambo ambalo lingekuwa hasara kubwa. Ila aliona jasho. Ilikuwa saa mbili asubuhi, jua la Lodwar lilikuwa bado halijakasirika, na mheshimiwa alikuwa anatiririka kama mtungi mpya.

"Inasema mambo," alijibu polepole.

"Kuna mambo ya kisima?"

Aregae hakuwahi kusikia habari ya kisima chochote. Lakini mlango ukijifungua wenyewe, muungwana haulizi ni nani aliyeufungua.

"Mheshimiwa, mimi si wa kutaja majina. Nitakwambia hivi tu: watu wa Kakuma waliiona juzi. Walitoka kimya."

Hilo halikuwa uongo. Wawili walitoka kimya kwa sababu walikuwa wametoka usingizini.

Mheshimiwa aliangalia kushoto na kulia. "Onyesho lingine ni lini?"

"Jumamosi. Ukumbi wa Mama Nyamal. Viti mia na ishirini."

"Na mtu akinunua viti yote?"

"Basi hakuna mtu atakaa."

"Kiti ni ngapi?"

Tiketi ilikuwa shilingi hamsini. "Elfu moja," alisema Aregae, na akashangaa kuona kwamba mheshimiwa alifarijika. Watu wa aina yake huogopa sana vitu vya bei rahisi.

Hivyo ndivyo Aregae alivyogundua biashara ya maisha yake. Hakuhitaji filamu, alihitaji bango tu na subira. Alilibandika sokoni, karibu na benki, mbele ya maduka makubwa, kisha akakaa pembeni na kikombe cha chai. Watu wasafi walilitazama wakaendelea na safari zao. Wasio safi walirudi mara ya pili.

Aliyerudi mara tatu alikuwa Bi Akal, mwenye ghala na malori yaliyobeba unga wa msaada wakati wa ukame.

"Nani amewaambia mambo ya unga?" alimuuliza Aregae, akiwa ameinama kama anayenunua nyanya.

"Mama, mimi sijataja unga."

"Ndiyo nauliza ni nani ametaja."

Naye akanunua viti vyote mia na ishirini. Wa tatu hata bango hakuliona. Alikuwa Atiir, katibu wa chama cha wafugaji, ambaye alipiga simu kutoka Lokichar baada ya kusikia tu kwamba kuna filamu. Mbuzi mia tatu wa chama chake walikuwa wamekufa kwenye karatasi kabla ya kuzaliwa kwenye zizi, na habari ya faili, la kijani au la rangi nyingine, ilikuwa imemnyima usingizi. Ukumbi ukauzwa mara ya tatu.

Aregae alikuwa mwangalifu. Hakupokea hata senti mkononi mwake. Wote watatu aliwapa namba ya kulipia ya ukumbi, ile ambayo watu wa Kakuma hulipia mpira, ili jina litakaloonekana liwe la Nyamal. Siku ya mambo kuharibika, na mambo huharibika, yeye angekuwa mbandika mabango tu. Tatizo dogo lilikuwa moja: kila mnunuzi alitaka kuja kuitazama filamu peke yake, ajue ametajwa wapi. Aregae akampangia mheshimiwa saa sita mchana, Bi Akal saa tisa, na Atiir saa kumi na moja. Kisha akaenda Kakuma kumweleza mwenye ukumbi.

Mama Nyamal alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini, aliyeingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa msichana mwenye sufuria moja. Sasa alikuwa na duka la sukari na mafuta, na nyuma yake ule ukumbi wa mabati wenye projekta na jenereta. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kudanganywa na mabingwa wa nchi mbili.

"Aregae," alisema, "kwa simu yangu imeingia pesa mingi. Mara tatu, zote sawasawa. Ni nini hii?"

"Ni kikundi cha kanisa, Mama Nyamal. Wanataka kuomba na kutazama filamu."

"Kanisa gani iko na waumini watatu?"

"Ndiyo linaanza."

Nyamal alisoma majina kwenye simu, taratibu. Majina hayo alikuwa ameyasikia redioni. "Na siku moja watu wakiuliza hii pesa?"

Hapo Aregae alikosea, kwa sababu alikuwa amechoka na safari, na ulimi uliochoka husema kweli. "Watauliza nini? Ukumbi ni wako, risiti ni zako."

"Ni zangu," alisema Nyamal, akaendelea kupima sukari.

Alijua jambo ambalo kila mtu kambini analijua: pesa za wakubwa zikikutwa kwa mkimbizi, ni yeye anayeulizwa kwanza, na mara nyingi ni yeye anayeulizwa peke yake. Aregae alipoondoka, alichukua simu akawapigia wale watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kubwa. Jenereta ina shida, aliwaambia. Onyesho lako la pekee litakuwa saa tisa kamili.

Jumamosi Aregae alifika mapema. Saa sita ikapita, mheshimiwa hakuonekana. "Ameogopa jua," alijiambia, akaona neema ya kulipwa kwa kazi isiyofanyika. Kisha saa tisa kasorobo gari jeupe likasimama nyuma ya duka. Likafuata la pili. Likafuata la tatu. Aregae alizunguka nyuma ya ukumbi, akabandika jicho kwenye tundu la msumari.

Ndani mlikuwa na giza na fukuto. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Aliingia mtu wa kwanza, kofia hadi puani, akakaa mbele. Akaingia wa pili, amejifunika shuka, akakaa nyuma. Wa tatu alijigonga kwenye benchi la katikati akaomba radhi kwa benchi. Kila mmoja aliwaona wenzake kama vivuli, na kila mmoja akadhani ni wafanyakazi wa ukumbi. Filamu ikaanza.

Ilikuwa filamu ya vitanda. Hospitali moja ya mji usiotajwa ilikuwa imelipia vitanda mia mbili, na hakuna mgonjwa aliyelalia hata kimoja. Dakika arobaini zilipita. Waziri wa kwenye filamu alikuwa akipigana na mkewe kuhusu vitanda.

Kivuli cha mbele kikashindwa kuvumilia. "Kisima kinakuja saa ngapi?" kikauliza.

"Kisima gani?" kikajibu kivuli cha nyuma, kwa sauti ya kike. "Si ni mambo ya unga?"

"Unga gani?" kikauliza cha katikati. "Mimi niliambiwa ni mbuzi."

Vivuli vitatu vikageukiana, vikikodoa macho gizani.

"Mheshimiwa Lochakapong?" alisema Bi Akal.

"Bi Akal." Mheshimiwa alivua kofia. "Na huyo mwingine?"

"Mimi sikuja," alisema Atiir.

Nyamal akasimamisha projekta na kufungua mlango. Mwanga ukawamwagikia watatu, wakiwa wameloa jasho kama watu waliovuliwa ziwani.

"Karibuni," alisema. "Naona kila mtu amepata kitu alilipia. Holi iko bila watu."

Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kurudiwa na sauti ya jukwaani. Alisema huu ni wizi, kwamba viti alivinunua yeye peke yake, na kwamba pesa zake zirudi leo hii. Wengine wawili wakaunga mkono, kwa hasira ya watu walioibiwa wakiwa kazini. Nyamal hakubishana. Aliweka karatasi na kalamu juu ya benchi.

"Pesa iko. Nitarudisha yote. Mtu aandike hapa jina yake, aweke sahihi, na aandike kwa nini alinunua holi mzima ndiyo watu wasione filamu."

Kalamu ilikaa pale. Bi Akal alimtazama mheshimiwa, mheshimiwa akamtazama Atiir, Atiir akatazama magunia ya dirishani. Hakuna aliyeogopa polisi, kila mmoja aliwaogopa wale wawili wengine. Yeyote ambaye angefungua mdomo kuhusu ukumbi huo angesikia mwingine akitaja kisima, au unga, au mbuzi.

"Filamu ilikuwa nzuri," alisema Bi Akal hatimaye, akajifunga shuka lake.

Mheshimiwa alisimama mlangoni. "Mama, ukimwona huyo Aregae, mwambie Lodwar ni mji mdogo."

Aregae, jicho likiwa bado kwenye tundu, alielewa kwamba nyumbani kumefungwa. Lakini roho ya mjanja haifi haraka. Magari yalipoondoka aliingia akitabasamu, mikono miwili mbele.

"Mama Nyamal, wewe ni simba. Sasa tugawane."

"Tumegawana," alisema Nyamal. Akatoa ile mikataba miwili yenye sahihi yake Aregae, wa prodyusa, nakala aliyotumiwa kutoka Nairobi, na wa ukumbi, akailaza juu ya benchi kama mtu anayelaza watoto. "Sitini kwa kila mia ni ya mama ya Nairobi. Nilimpigia, nimetuma asubuhi. Alilia kwa simu. Arobaini ni yangu."

"Na mimi?"

"Soma wewe. Ni wewe uliandika."

Aregae alisoma mara mbili, kisha akageuza karatasi kutazama upande wa pili, ambao ulikuwa mweupe. Maisha yake yote hakuwahi kutapeliwa na mtu mjinga kuliko yule aliyetia sahihi hizo.

"Lakini hizo si pesa za tiketi," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe unajua. Zile ni pesa za... zile ni zangu."

"Basi andika," Nyamal akamsogezea kalamu. "Jina, sahihi, na kwa nini."

Mama wa Nairobi hakuweza kuizuia furaha yake. Alitangaza kwamba *Faili la Kijani* imevunja rekodi ya kaskazini: tiketi mia tatu na sitini kwa onyesho moja. Gazeti likaandika. Redio ya Kakuma ikasoma. Watu wa Kakuma wakahesabu viti vya ukumbi wanaoufahamu vizuri, wakapata mia na ishirini, wakaanza kuulizana. Muuza mkaa akasema aliona magari matatu. Mwenye kibanda jirani akasema alisikia neno kisima. Kufikia Jumatatu kambi nzima na nusu ya Lodwar ilijua kwamba kuna filamu ambayo wakubwa wameinunua ili isionwe, na hakuna tangazo duniani linaloshinda hilo. Filamu iliyokuwa imezikwa Nairobi ikaanza kuonyeshwa mara nne kwa siku. Watu walikuja hata kutoka Nariokotome, kule ziwani. Wengine walitoka ukumbini wakaenda moja kwa moja kwa kamati ya visima kuuliza maswali, ingawa kwenye filamu hamna tone la maji.

Aregae hakuweza kurudi Lodwar, na Kakuma hakuwa na kazi. Siku ya tano alilipa shilingi hamsini kama mtu yeyote, akabanwa kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto na Mkongo mmoja fundi wa redio. Hakuwahi kuitazama filamu hiyo hadi mwisho. Sasa aliitazama. Waziri alihamishiwa wizara nyingine. Mwenye kampuni ya vitanda akapewa zabuni ya magodoro. Jaji akastaafu kwa heshima. Aliyefungwa alikuwa mmoja tu, dalali mwembamba aliyekuwa akizunguka na faili kutoka ofisi hii hadi ile. Alipotiwa pingu ukumbi mzima ulicheka hadi mabati yakatikisika.

"Kwa nini wamemfunga huyu peke yake?" aliuliza Aregae, na sauti yake ilimtoka na uchungu ambao hakuutarajia.

"Ah, ndugu," alisema yule Mkongo akifuta machozi ya kicheko, "huyu njo mujinga kabisa. Bakubwa beko na kula, ye eko na kubeba faili."

Taa ikawaka. Watu walianza kutoka wakisukumana, lakini Aregae alibaki amekaa, akitazama kitambaa cheupe ukutani. Nyamal alipita na ufagio, akamgonga kiatu.

"Inuka, Aregae. Watu ya saa kumi wako kwa mlango."