Ombi la Kufutwa katika Vitunga vya Mboga vya Alimbongo

Butembo, Jumatano asubuhi

Kwako Mama Solange, Présidente wa shamba letu la Alimbongo

Mama Présidente,

Salamu zikufikie huko juu kwenye baridi, wewe pamoja na udongo wako. Mimi ni Zorobabel Kitsa, muuza vipuri vya pikipiki hapa mjini, memba wenu tangu mwaka jana. Mapatano yetu unayajua: sisi watu wa mji tunatoa mchango kabla mbegu haijaingia udongoni, nanyi kila Jumanne mnatuteremshia kitunga cha kile ambacho msimu umetoa. Kikiwa kingi, tunakula kingi. Kikiwa kidogo, tunavumilia pamoja. Nilikubali. Lakini madhara yake sikuambiwa. Donc ninakuandikia kwa utulivu wote, ufute jina langu, kwa sababu hizi:

1. Shu, hizi kabichi zenu. Msimu wa shu ulipofika, tulikula shu. Mke wangu Nadège alizipika kwa mawese, kwa karanga, kwa dagaa wa ndakala. Nilipouliza kama dunia ya Mungu imekwishiwa nyanya, alinijibu, “Baba Ariel, uulize udongo.” Nilitumaini watoto watakataa. Wakaomba kuongezewa. Ni haki baba kusalitiwa na watoto wake mbele ya bugali?

2. Mama mukwe. Alitoka Kasugho kwa ubatizo wa Ariel, na mfuko mdogo. Jina lake ni Vagheni, na sisi Wanande tunajua maana yake ni wageni. Mgeni huja na kurudi kwake. Lakini Jumanne akaona karoti na vitunguu vya majani, zile poaro, zikishushwa mlangoni, akauliza, “Hii inakuyaka kila juma?” Nadège, badala ya kunyamaza, akasema ndiyo. Mfuko ulifunguliwa saa ileile. Ubatizo ulikuwa kabla ya Pasaka, na hadi leo hajarudi Kasugho.

3. Adui wangu. Jirani yangu Hamisi, mwenye Fuso ya kubeba mizigo, alikuwa akiniletea maji ya bati lake uani kwangu kila mvua iliponyesha. Tuligombana vizuri sana, miaka mingi, na avenue nzima ilitoka kutusikiliza. Kisha kitunga kikatuzidi, Nadège akapeleka mchicha wa lengalenga na karoti kwa Hawa, mke wa Hamisi. Hawa akarudisha sambusa, ndani yake karoti zangu mwenyewe. Nilizila kwa hasira, zote. Kesho yake Hamisi alipanda juu ya bati, akafunga mfereji, akaniita: “Jirani, sasa iko bien?” Mtu wa umri wangu atampata wapi adui mwingine wa karibu namna ile?

4. Hapa ndipo penye uchungu. Mvua ya mawe ilipoponda shamba, kitunga kilifika na vitunguu vichache na poaro zilizochanika. Ulituita kwenye salle, ule ukumbi wa parokia. Watu walinung’unika, wengi walitaka kujitoa, nawe ulisimama mbele ukasema kwamba wakiondoka, shamba halitapandwa tena. Mimi nikaona mlango wangu umefunguka. Nikasimama, nikaanza kwa heshima: “Mimi Kitsa nimefikiri sana...”

Sikufika mbali. Mama mukwe aliruka kwenye benchi. “Nilijua! Mukwe wangu hapana mutu wa kukimbia! Anasema tutapanda tena!”

Salle nzima ikapiga makofi. Hamisi, ambaye siku hizi hatuachi, akapaza sauti kwamba Fuso yake itabeba watu bure. Mdomo wangu ungali wazi, nikachaguliwa chef wa kikosi cha kupanda. Nawe ulikuwa unalia, Mama Présidente, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumpinga mama anayelia.

Jumamosi tulipanda mlima, mimi nimebanwa kati ya Hamisi na mama mukwe, wote wawili wakiimba nyimbo tofauti. Nilipiga magoti katika ukungu nikapanda miche mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Wale waliokuwa wamejitoa wakasikia, wakaanza kurudi mmoja mmoja, wameshika majembe, wakiangalia chini. Shamba likasimama. Leo limekuwa kijani mpaka kwenye barabara, na watu wananisalimu, “Chef!” Matokeo yake unayajua: jana tumekula shu.

Kwa hayo yote ninaomba nifutwe. Ninaomba pia Hamisi aamriwe kuondoa mfereji, mama mukwe akumbushwe njia ya Kasugho, na misimu yote miwili iitwe kwenye bureau yako ieleze kwa nini kila mmoja unaleta mboga zake peke yake. Ikikataa kuja, nitaelewa kwamba inalindwa na wakubwa.

Pokea, Mama Présidente, heshima za mtu aliyeshiba bila kupenda. Nadège anakusalimu, watoto wanakusalimu, Hamisi na Hawa wanakusalimu kwa juu ya ukuta. Mama mukwe hakutumii salamu, maana tangu Jumatatu yuko kwako anapalilia.

Zorobabel Kitsa
Memba anayeondoka

P.S. Shemeji yangu Lusenge wa Beni amesikia kwamba petit pois, zile njegere, zinaanza juma lijalo, anauliza kama kuna nafasi ya memba mpya. Nimemwambia hakuna. Ile moja iliyobaki uniandikie mimi, iwe kitunga changu cha pili, na tafadhali wakijaze vizuri.