Taulo, Spana na Benchi la Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Hasira! Nimeamka nayo, nimepiga nayo mswaki, nimekwenda nayo mazoezini.

Bosi, mwenye kiwanda cha magodoro na mwenye timu yetu ya mpira wa kikapu, kaja na suti yake mpaka katikati ya uwanja. Kasema mbele ya wachezaji: Jumamosi tukifungwa na timu ya Twiga, ukocha wangu basi. Nitahamishiwa dukani, niwe nalala juu ya magodoro wateja waone yanavyobonyea.

Mimi! Mchezaji wa kulipwa! Na nililipwa kila msimu, nicheze nisicheze.

Haya, mara nyingi sikucheza. Nilikaa benchi la dirishani napunga taulo wenzangu wakifunga. Ndiyo maana mji mzima unaniita Taulo. Lakini nilipunga haswa! Upepo wangu uliwapoza watu. Mwenzangu Twiga ndiye aliyekuwa anafunga, na kila mtu Twiga, Twiga. Hakuna aliyeuliza nani kampoza. Tumestaafu pamoja, tumekuwa makocha pamoja. Yeye anashinda, mimi navumilia.

Mke wangu kasema nimshinde kwa mazoezi. Nimemwambia mazoezi ni ya watu waliokosa akili.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Twiga. Ovaroli, kofia mpaka puani, ndoo, juu ya ngazi. Fundi wa kuosha madirisha kabisa! Hata mama yangu mzazi angenipita.

Twiga kanijua kabla sijalowesha kitambaa. Hakufoka. Afadhali angefoka! Kasema, "Kaka, shuka huko, na mgongo wako huo." Kanipa kiti, kanipa chai, kawaambia vijana wake waniamkie. Wakaniamkia wote, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, na mimi marahaba huku kofia inanidondoka.

Halafu kanionyesha mbinu zao zote. Wanapiga kutoka mbali. Mpira unaingia kama umeitwa na mama yake.

Dharau gani hii? Mtu anakudharau mpaka anakufundisha! Nimeondoka kwa hasira, ndoo nikaisahau. Jioni kaniletea mwenyewe. Kaiosha! Mke wangu kasema ana adabu yule. Sikula.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Akili ni nywele, na mimi mwenye upara nimeonyesha kwamba huo ni uongo.

Ringi za ukumbi wetu zimelegea kwa uzee. Mpira ukigonga unatulia, unafikiri, unaingia. Sasa ukizikaza boliti, ringi inakuwa ngumu kama moyo wa mama mkwe. Mpira wa mbali ukigusa tu, tiing! Unarudi kwao.

Siku hizi wenyeji hukaa benchi la mlangoni, wageni benchi la dirishani, lile langu la zamani. Mapumziko yakiisha timu hubadilishana vikapu, na kwa ukaaji huo wageni humalizia mchezo wakishambulia kikapu kilicho chini ya saa. Basi hicho ndicho nitakachokikaza! Kipindi cha kwanza kikapu hicho kitakuwa chetu, sawa, lakini vijana wangu wataingia mpaka ndani, waweke mpira taratibu kama wanalaza mtoto. Kipindi cha pili sisi tuna ringi laini, tunapiga mbali tu. Twiga na watu wake wanagonga chuma mpaka waote kutu.

Nimecheka peke yangu bafuni. Mke wangu kagonga mlango kuuliza kama nimeteleza.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi wa ukumbi kaenda kula, mimi na ngazi yake na spana juu! Boliti zina kutu, zinalia kama mbuzi. Jasho! Nikajifuta kwa taulo langu, nikalitundika kwenye ngazi, nikakaza tena. Nusura bega ling'oke.

Fundi akarudi mapema. Watu wengine hawajui hata kula kwa utulivu. Nikateremka kama gunia. Kaniuliza natafuta nini juu. Nikasema naangalia kiota cha ndege. Kasema humu hakuna ndege. Nikasema ndiyo, wamehama.

Kabeba ngazi yake, kaenda zake. Sina mpinzani kwa majibu.

Ijumaa, 7 Juni

Taulo langu silioni. Mke wangu kasema nikumbuke kwanza niliiacha wapi akili. Hasira.

Mazoezini nimetoa amri. Kipindi cha kwanza, ndani tu, asipige mtu mbali. Kipindi cha pili, mbali tu, asiingie mtu ndani. Nahodha kauliza kwa nini. Nahodha ana mdomo. Nikamwambia Twiga ana hila, anaweza hata kunilisha maneno nikabadilika katikati ya mchezo. Kwa hiyo nikawaapisha wote mkono kifuani: hata mimi mwenyewe nikija kusema vingine, wasinisikilize.

Ulinzi huo! Hata benki hawana.

Jumamosi, 8 Juni

Usiku. Naandika.

Ukumbi umejaa. Bosi kakaa mbele. Naingia, namkuta Twiga kakaa benchi la dirishani, kanyoosha ile miguu yake. Anawaambia vijana wake wakae kwa heshima, benchi hili ni la kaka yangu Taulo, kalipasha joto misimu yote. Wakacheka. Watu wa jukwaani wakacheka. Bosi akacheka!

Damu ikapanda. Benchi langu! Lina mpaka shimo la makalio yangu! Nikamwendea refa nikapiga kelele kwamba leo lazima tubadilishane, sisi tukae dirishani. Refa kamuuliza Twiga. Twiga kainuka palepale: "Mpe kaka, si lake?" Akapangusa na vumbi.

Nikakaa. Raha! Shimo lilinitambua.

Mchezo ukaanza. Timu ya Twiga inapiga mbali, tiing! Tiing! Tiing! Nikaruka, nikapunga koti kwa kukosa taulo. Vijana wangu wanaingia ndani, wanalaza mtoto. Mapumziko tunaongoza vizuri tu. Bosi kanipigia saluti! Nikamuuliza Twiga kwa sauti mgongo wake unaendeleaje.

Tukabadilishana vikapu. Vijana wangu wakapiga mbali kama walivyoapa. Tiing!

Nikaangalia juu. Saa. Ringi chini ya saa. Na chini ya ringi, timu yangu.

Ukihama benchi, na kikapu kinahama! Kitu hicho anakijua hata muuza maji!

Nikapiga kelele waingie ndani, ndani! Nahodha akaniangalia kwa huruma, akaweka mkono kifuani, akawaambia wenzake, "Msimsikilize, kishalishwa maneno." Tiing! Nikapiga magoti. Tiing! Mbwa wale, siku zote hawashiki ninalosema, leo wameshika!

Tumefungwa. Twiga kanikumbatia. Nilitaka kumng'ata.

Jumapili, 9 Juni

Bosi kaita kikao ukumbini. Kabla hajafungua mdomo nikafungua wangu. Nikasema ringi ya chini ya saa imekazwa, hii ni hujuma, nadai uchunguzi, na Twiga ahojiwe wa kwanza. Nilizungumza vizuri sana. Hata machozi yalitoka, na nusu yake yalikuwa ya kweli.

Bosi kamwita fundi. Fundi kapanda, kashika ringi, kasema kweli imekazwa. Bosi kaapa: aliyefanya hivi hatakanyaga uwanja wangu tena. Nikapiga makofi, wa kwanza!

Fundi kaingia stoo, karudi na kitu mkononi. "Kocha," kasema, mpole kabisa, "ulisahau taulo lako kwenye ngazi, siku ile ya ndege."

Jina langu limedariziwa pembeni. Mke wangu alilidarizi mwenyewe. Unaona wanawake?

Jumatatu, 10 Juni

Duka la magodoro. Nimelala chali tangu asubuhi. Bibi mmoja kanibonyeza mimi tumboni, kasema hili ni laini mno, aletewe gumu.

Mchana nafumbua macho, Twiga kasimama juu yangu. Urefu ule, ukiwa umelala, unaona pua tu. Nikadhani kaja kucheka. Kasema amesikia, na hajapenda. Kasema timu yake haina msaidizi wa kocha, na tangu enzi zetu hajaona mtu anayeamsha benchi kama mimi. Nije kesho. Akanipa mkono aniinue kwenye godoro.

Nimelia kidogo. Mke wangu kasema rafiki kama huyo nimshike kwa mikono miwili.

Nimemwambia nitamshika. Nimeshakwenda jioni kuangalia ukumbi wao. Kiti cha Twiga cha ukocha ni cha chuma, kimefungwa kwa boliti, tena kuukuu. Akianguka mbele ya watu, nani atasimama kuongoza timu? Msaidizi!

Makosa ya juzi nimeyaona, si mjinga mimi. Spana iko mfukoni. Taulo, safari hii, naliacha nyumbani.