Gari la Viti Viwili Uani Gongoni

Jumatatu, 17 Juni 1974

Gari limefika. Limeletwa na lori la tumbaku kutoka Ipole, limelazwa kati ya marobota kama mgonjwa. Wanaume wa mtaa wamelishusha kwa magogo mpaka uani kwangu. Hakuna aliyeuliza la nini. Nadhani wamenizoea.

Ni gari la mbio la Kiingereza, MG, viti viwili, halina paa. Mwingereza mmoja wa tumbaku aliliacha ndani ya bani la kukaushia majani mwaka wa Uhuru, akaenda zake. Nimelipata kwa Alois, mrina asali wa hukohuko Ipole. Nimempa baiskeli yangu. Tulipopeana mikono alisitasita. Nilidhani anaumia kuachana na gari. Sasa nafikiri alikuwa ananionea huruma.

Mpango: nilifufue kabla ya Saba Saba. Mgeni rasmi apite nalo kwenye maandamano, amesimama, anapunga mkono, mimi nimeshika usukani. Mtu aliyemwendesha mgeni rasmi hawezi kuachwa karani wa mizigo stesheni hadi kustaafu.

Mke wangu Zamda alisimama mlangoni na mwiko. Siku zote huniita Baba Hadija. Leo ameniita Mfaume. Alitaka kujua atapikia wapi, maana gari limekaa juu ya mafiga. Nikamwambia ni kwa siku chache tu. Akasema na sungura walikuja kwa siku chache.

Jumanne, 18 Juni

Nimefungua boneti. Nyuki.

Si wachache. Ni mzinga kamili, umeanzia kwenye kabureta ukaishia mahali palipokuwa na betri. Sasa naelewa Alois alisita kwa nini. Nimeumwa usoni, shingoni, na mahali ambapo sitapataja hata humu.

Tatu, mdogo wake Zamda, yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Ametoka Sikonge kuja kungojea kujifungua karibu na hospitali. Alicheka mpaka dada yake akamwonya kwamba atajifungulia papo hapo.

Jirani yangu Shomari, fundi baiskeli, alichungulia juu ya ua. Akasema kwa upole kwamba magari mengine hupimwa kwa nguvu za farasi. Tangu hapo namsikia akimsimulia kila mteja. Mtu huyu hajawahi kuanzisha jambo lolote maishani mwake. Ndiyo maana hajawahi kushindwa.

Alhamisi, 20 Juni

Alois amekuja kuwachukua nyuki. Amekuja kwa baiskeli yangu. Ameifungia kengele mpya.

"Mwangaluka," akanisalimu, kana kwamba hajanipa gari lenye wenyewe.

Alifukiza moshi, akawahamishia nyuki kwenye mzinga wa gome, polepole, bila kuumwa hata mara moja. Asali akaenda nayo. Nta akaniachia, akasema itanifaa. Nilipoyatazama matundu ya kutu milangoni nikaona kweli itanifaa. Nimeichanganya na vumbi la mbao, nikaziba kila tundu. Ukipaka rangi juu yake huoni tofauti. Mafundi wa Uingereza nao wangefanya hivyo, ni vile tu hawakuwa na nyuki.

Jumapili, 23 Juni

Viti vimeliwa na panya. Zamda alikuwa Ipuli kwenye harusi, kwa hiyo nilipata nafasi ya kufikiri. Nikachomoa springi za kitanda chetu. Zimeingia vitini barabara, kama zilipimwa.

Zamda alirudi amechoka, akaketi kitandani, akazama. Alichukua mto wake akaenda kulala na Tatu.

Mimi nimehamia garini. Viti ni vizuri sana.

Jumatano, 26 Juni

Mama Apolinaria amepita. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, na ndiye anayepanga nani atatangulia na nani atafuata kwenye maandamano ya mtaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akilizunguka gari. Akauliza linachukua watu wangapi. Nikasema wawili.

"Na sisi wengine?"

Akasema, "Ndugu Mfaume, watu wanahamia vijijini wakae pamoja, wewe unatuletea gari la kukaa peke yako."

Nikamweleza kwamba kiti kimoja ni cha mgeni rasmi. Akasema mgeni rasmi atatembea kwa miguu kama kila mtu, na kwamba gari langu halitaandamana. Nikauliza kama Shomari ataandamana. Ataandamana. Ameunda kitoroli cha magurudumu ya baiskeli, na kitabeba ngoma kubwa ya mtaa.

Sikula jioni. Hata hivyo hakuna aliyepika. Mafiga bado yako chini ya gari.

Ijumaa, 28 Juni

Nimepata dawa. Nimekata kifuniko cha buti na kukaza kwa bolti benchi la sebuleni. Sasa gari linachukua kaya nzima na jirani mmoja. Ubavuni nimeandika TUKO PAMOJA kwa rangi nyeupe. Herufi ya mwisho imekosa nafasi, imepanda juu ya tairi.

Nilialika watu wakae tujaribu. Waliponyanyua miguu, magurudumu ya mbele nayo yakanyanyuka. Shomari, aliyejitolea kukaa mwisho wa benchi, akasema kutoka hapo anaiona Kwihara kule mbali. Nimelitua jiwe la kusagia la Zamda juu ya boneti, na gari limetulia.

Mama Apolinaria aliitwa akaja kuona. Mwishowe akasema haya, litaandamana, lakini mwisho kabisa, nyuma ya ng'ombe.

Nyuma ya ng'ombe ni maandamano vilevile.

Jumanne, 2 Julai

Limewaka.

Betri nimeazima kwa dereva wa lori, plagi nimezisugua kwa majivu, petroli nimeipata kwa kubembeleza. Nikazungusha hendeli mpaka bega likakaribia kuchomoka. Likakohoa, likakataa, likakohoa tena, halafu likanguruma. Sauti nzito, nzuri. Haikuwa imesikika tangu Mwingereza aondoke. Nitasema kweli kwa kuwa hakuna anayesoma: nilitokwa na machozi.

Zamda alitoka ndani. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani, nilipokuwa kijana mwenye mipango. Ilikuwa kitambo kifupi. Kisha moshi mweusi ukatanda juu ya nguo zake zote alizoanika kambani, akarudi ndani.

Injini ikazima yenyewe. Sijui kwa nini iliwaka, na sijui kwa nini ilizima. Lakini nimeridhika. Na nimechoka. Kila kiungo kinauma.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Tulijipanga asubuhi. Mbele wanafunzi, halafu akina mama, halafu kitoroli cha Shomari na ngoma, halafu ng'ombe, halafu mimi. Nimevaa shati jeupe. Jua likapanda. Nta ikaanza kulainika, matundu ya milangoni yakafunguka moja baada ya jingine. Mtu wa ng'ombe akaniuliza gari langu linatoka jasho la nini.

Mara Zamda akaja mbio, hana viatu, ameshika upindo wa kanga. Tatu alikuwa nyuma yake, anashikiliwa na wanawake wawili. Chupa imepasuka, uchungu umekaza.

"Mfaume," Zamda akasema, "gari linakwenda au haliendi?"

Toka lifike hapakuwa na mtu aliyeniuliza hivyo bila kucheka. Nikasema linakwenda. Nikalitupa chini jiwe la kusagia, nikazungusha hendeli, likawaka. Tukamlaza Tatu kwenye benchi, kichwa mapajani kwa dada yake. Wale wanawake wawili walikaa mbele pamoja nami wamebanana kwenye kiti kimoja, kusudi gari lisinyanyuke.

Nikatoka kwenye mstari. Nikawapita ng'ombe, nikaipita ngoma, nikawapita wanafunzi, nao wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Upepo usoni. Sitausahau upepo ule. Kipande kile chote cha barabara nilikuwa mtu niliyejidhania kuwa.

Kwenye njia ya reli likazima. Lilikohoa mara moja tu, taratibu, kama mzee aliyemaliza alichotaka kusema.

Tatu alinishika sikio kutoka nyuma. Aliyonitamkia hayaandikiki, na yalikuwa ya haki. Nikashuka kusukuma. Halikusogea. Nikasukuma tena. Nikamsikia Tatu ameacha kutukana na kuanza kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa kweli, si woga wa kuchekwa. Niliona nimemchukua mtoto wa watu kwenye kivuli na kumweka juu ya reli.

Shomari ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa ameacha kitoroli na ngoma katikati ya barabara. Hakutania. Akaweka bega ubavuni, upande wa Tatu. Halafu Mama Apolinaria akaja, akamkabidhi mtu bendera, akakaza kitenge kiunoni.

"Sukumeni," akasema. "Wote."

Maandamano yakavunjika. Walimu walisukuma, watu wa stesheni wakasukuma, wenye ng'ombe wakasukuma. Gari lilikwenda vizuri zaidi kwa mikono kuliko lilivyokwenda kwa injini. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, viganja vimegandamana na nta. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwa miguu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani. Leo nimejua alikuwa akiona nini njia nzima: kisogo cha aliye mbele.

Tulipokata kona nikajiuliza nani anaendesha. Nikainua kichwa. Zamda alikuwa amehamia mbele na kushika usukani. Alikuwa akikata kona vizuri. Sijui alijifunzia wapi.

Langoni mwa hospitali wauguzi wakamchukua Tatu. Mama Apolinaria aliketi chini akihema, akasema sasa gari hili linachukua watu wa kutosha.

Mtoto wa kiume. Mzima, na mama yake mzima. Mtaa wote tulikuwa tumekaa nje kwenye vumbi habari ilipotoka. Hapakuwa na aliyenicheka. Zamda alikuja akakaa karibu yangu, akaanza kunibandua nta vidoleni.

Jumamosi, 13 Julai

Leo mtoto amepewa jina. Mume wa Tatu amefika kutoka Sikonge, mbuzi amechinjwa. Nilivaa kanzu. Nilikuwa nimetayarisha maneno machache ya kupokea heshima, kuhusu unyenyekevu.

Mtoto anaitwa Shomari.

Tatu alieleza kwamba Shomari alikuwa ubavuni pake njia nzima, akimwambia avute pumzi, aachie pumzi. Nikasema na mimi nilikuwepo. Akasema, "Najua, shemeji, lakini ulikuwa nyuma." Shomari mkubwa alilia mbele za watu, akashindwa kula. Nikala na sehemu yake.

Baadaye Mama Apolinaria akatoa ombi kwa niaba ya nyumba kumi. Wanaomba gari liwe la mtaa, la kupeleka wagonjwa na wajawazito. Vijana watalisukuma kwa zamu. Nilijaa fahari, nikasema nitaiamsha injini kesho asubuhi. Wakatazamana. Akasema kwa heshima kwamba wameshazungumza, na wangependa nikiondoe kile kichuma. Kinaongeza uzito tu.

Jumapili, 14 Julai

Nimeondoa injini. Shomari alinisaidia kuinyanyua, na kwa mara nyingine hakutania. Mtu jina lake likishapewa mtoto huwa mpole, inachosha.

Gari limekwenda na vijana. Limepungua uzito kweli, linateleza. Uani pamekuwa peupe. Zamda alifagia, akapanga mafiga, akawasha moto. Tumekula michembe ya viazi vikavu na karanga mahali palipokuwa na tairi la nyuma.

Baada ya kula akasema ana neno moja.

"Baba Hadija, niahidi. Hutaleta gari tena uani kwangu."

Niliahidi, na niliahidi kutoka moyoni. Nilimwambia nimechoka, na kwamba mtu wa umri wangu anatakiwa kukaa na kumshukuru Mungu. Tutatengeneza kitanda. Nitakwenda kazini kwa miguu. Sina wivu na mtu. Mipango nimeimaliza.

Jumanne, 16 Julai

Leo stesheni nimezungumza na gadi wa treni ya Kigoma. Mazungumzo ya kawaida tu. Amenieleza kwamba porini, njia ya Urambo, kuna ndege. Ndogo, ya watu wawili. Imeachwa na Wazungu wa mradi wa karanga, na mzee mmoja anafugia kuku ndani yake. Bawa moja lipo. La pili si tatizo, bawa ni mbao na turubai. Gadi anasema ndege yote ni nzima kabisa, isipokuwa imeondolewa injini.

Mimi ninayo injini.

Sijamwambia Zamda. Hakuna sababu ya kumsumbua, kwa sababu ahadi yangu naikumbuka neno kwa neno. Niliahidi gari. Ndege si gari.

Nimeupima ua kwa hatua. Bawa likielekezwa jikoni, itaenea.