Kamati ya Bidii na Timu Iliyotembea

"Watu wote wa Tungue, wakubwa kwa wadogo, wanatangaziwa kwamba kuanzia leo adhuhuri uvivu umefutwa. Atakayekuwa nao ausalimishe ofisi ya serikali kabla ya Jumamosi."

Tangazo hilo nililitoa mimi, Cassamo, mkalimani wa serikali, nikiwa juu ya kreti la sabuni mbele ya soko la samaki, katika mwaka wa tatu wa vita. Bwana Administradori, mkuu wetu wa wilaya, Senhor Cândido Barradas, alilisema kwa Kireno, mimi nikalishusha kwa Kiswahili, na mpiga mbiu akaligonga kwa ngoma lisije likapeperuka. Watu walisikiliza kwa adabu. Bi Zainabo, muuza mihogo ya kukaanga, aliuliza kama uvivu wa mumewe autoe peke yake au amlete mume mzima.

"Shemeji," nikamwambia, "itaundwa kamati ilijadili jambo hilo."

"Basi wafanye upesi, maana mwenyewe hawezi kuja. Amelala."

Uvivu uliokusudiwa hasa ni wa timu ya mpira ya Kolejio la Ufundi, vijana waliokuwa wakifunzwa useremala na uashi, nusu Wamakonde kutoka bara, nusu watoto wa pwani. Timu hiyo ilifungwa na kila mwenye miguu. Ilifungwa na tropa, wanajeshi wa kambini, jambo ambalo lina heshima yake. Ilifungwa na watu wa forodha, ambao wana vitambi. Ilifungwa na wakulima wa Mute waliofika wakitoka kupalilia, mmoja wao akicheza na jembe begani kwa kukosa wa kumshikia. Ilifungwa na wavuvi wa Rongui, waliokuja pungufu kwa sababu wengine walibaki kulinda samaki wasiliwe na paka.

Si kwamba vijana hawakuujua mpira. Pasi zao zilikuwa safi, na nahodha wao Narciso, kijana Mmakonde mwenye mabega ya seremala, aliweza kuuweka mpira juu ya kichwa cha mtu bila kumharibia kofia. Ila walitembea. Mpira ukipita waliusindikiza kwa macho, kama mgeni aliyekwisha kuaga. Kipa wao, Amisse, niliwahi kumwona akiuendea mpira uliokuwa ukibingirika kuelekea golini. Aliuendea kwa mwendo wa bwana harusi. Mpira, kwa kuwa haukuwa na wapambe, ulitangulia kufika.

Serikali yenye huruma haiwezi kutazama mambo kama hayo ikanyamaza. Jumamosi ile Gavana mwenyewe angekuja kutoka Porto Amélia pamoja na wapiga picha na wageni wa Ulaya, ili dunia ione kwamba huku kwetu hakuna vita, kuna mpira. Kwa hiyo Bwana Barradas alitoa ahadi, nami nikaipeleka kolejioni neno kwa neno: wasipoonyesha bidii Jumamosi, Jumatatu timu nzima inaingizwa tropa. Na huko tropa wasingepewa bunduki. Wangepewa fito zenye ncha, watangulie magari kwenye barabara ya Mueda wakichokoachokoa mchanga, kujua mabomu yamelala wapi.

"Ni kazi ya kutembea polepole," alisema Bwana. "Itawafaa."

Hapo ndipo ilipoundwa Kamati ya Uhamasishaji wa Bidii, Kitengo cha Mpira. Mwenyekiti alikuwa Bwana Barradas. Makamu wake alikuwa Bwana Barradas, endapo mwenyekiti amekwenda kulala mchana. Mimi nilikuwa ulimi wa kamati. Mkono wake alikuwa sipai Momade, askari wa kizuizi cha njia ya Kionga, aliyepewa cheo kipya cha Mkaguzi wa Jasho.

Momade alikuwa mtu mwaminifu, tena kwa sababu. Mwaka uliotangulia alimpitisha padri kizuizini bila kumwomba karatasi, akidhani padri ni padri. Bwana Barradas alimpiga viganja vyote viwili kwa pamatoria, kile kibao cha adhabu, mpaka vikawa kama maandazi, na baada ya kila kipigo alimfundisha, kupitia kwangu: "Sheria haina macho. Hata akija mama yangu mzazi." Momade alilishika somo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kushika kijiko.

Ukaguzi wa jasho ulifanyika kila asubuhi. Momade alipita na kitambaa cheupe akiwafuta wachezaji vipaji vya nyuso, kisha akakikamua mbele ya kamati. Ikagunduliwa kwamba kwetu hata mtu aliyekaa anatoka jasho. Tulipolinganisha vitambaa vyote, mwenye bidii kuliko wote wilayani alikuwa Bwana Barradas mwenyewe, na bidii hiyo aliipata akiwa kitini. Kamati ilijipongeza na ukaguzi ukasitishwa.

Ilibaki njia moja, ambayo serikali huifikia baada ya kujaribu nyingine zote: kumuuliza mhusika. Narciso akaletwa Alhamisi. Amisse alimsindikiza, akasimama mlangoni.

"Mwulize," alisema Bwana, "ana ugonjwa gani wa miguu."

"Bwana anauliza miguu yenu ina nini."

"Mwambie mizima, Mzee Cassamo."

"Mwulize basi kwa nini hawakimbii."

Nikauliza. Narciso alimtazama Amisse, Amisse akatazama dari.

"Sheria," akasema Narciso.

"Sheria gani?"

"Ile yenu. Uliyoitangaza wewe mzee, pale pale kwenye kreti."

Hapa inanipasa nieleze, maana kumbukumbu ndiyo mali pekee ambayo mkalimani haombwi arudishe jioni. Vita vilipofika mwaka wa pili, vijiji vilianza kuamka vitupu. Watu walibeba kuku na watoto wakavuka Ruvuma. Serikali ilishangaa sana. Iliwapa watu hawa pamba ya kulima bila wao kuomba. Iliwapa barabara za kuchimba, chakula wakaruhusiwa kuja nacho wenyewe. Iliwapa kodi, iliwapa pamatoria, na wazee waliokwenda kuomba mazungumzo Mueda iliwapa risasi, watu wakazika mpaka majembe yakachoka. Nao kwa yote hayo shukrani yao ni kuondoka usiku bila kuaga. Bwana Barradas akakasirika, akatoa amri fupi: É proibido fugir. Nami nikaishusha kwa uaminifu: "Ni marufuku kukimbia. Atakayeonekana akikimbia atakamatwa, na akikaidi atapigwa risasi."

Wareno ni watu wenye nafasi. Wana correr, kukimbia kwa mpira na mvua, na wana fugir, kukimbia kwa vita na kodi, kila moja katika sanduku lake. Sisi miguu ni ile ile. Neno ni moja, na tangu siku ile lilikuwa marufuku.

Watu wa Tungue wakatii. Mvua ilitukuta njiani ikatulowesha sote sawasawa. Jiko la Bi Chamima lilipowaka moto, majirani tulikwenda kulizima kwa mwendo wa maziko, na liliungua vizuri, kwa utulivu. Mkunga aliyeitwa haraka alifika siku ya kunyoa nywele za mtoto. Bwana Barradas alipoona mji mzima unatembea kwa heshima vile, aliandika Lisbon kwamba wenyeji wametulia.

Nilimweleza Bwana jibu la Narciso. Akawa mwekundu kuanzia kola kwenda juu.

"Futa hiyo sheria."

Nikamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba ni sheria ya usalama, na sheria ya usalama haifutwi ila kwa ruhusa ya Lourenço Marques, na meli ya barua imeondoka jana.

"Basi ibaki. Hawa kumi na mmoja nawapa msamaha maalumu. Wakimbie."

"Mmesamehewa," nikamwambia Narciso. "Kimbieni."

Narciso hakuinuka. Alikuna kidevu kama fundi anayeuliza bei ya mbao.

"Mzee, mwulize Bwana. Mpira ukitoka nje ya chaki?"

"Waufuate," alisema Bwana.

"Ukienda mbali?"

"Waufuate popote uendako. Hiyo ndiyo bidii."

"Na sipai wakitusimamisha?"

"Hakuna sipai wa kumsimamisha mchezaji. Atakayethubutu atanijua."

"Tukichoka je?"

"Marufuku kuchoka. Wakimbie mpaka niseme basta. Atakayesimama kabla sijasema, barabara ya Mueda inamngoja."

Amisse alikohoa mlangoni. "Na kipa, Bwana? Kipa kazi yake kukaa."

"Kipa naye," alifoka Bwana. "Kipa ndiye atangulie."

Ijumaa nilipanda tena kreti nikatangaza yote hayo, kituo kwa kituo, mpiga mbiu akagonga. Bi Zainabo aliuliza kama msamaha unamhusu na yeye, maana kuna mbuzi anamlia mihogo.

"Ni wachezaji tu, shemeji. Wengine wote sheria ni ile ile."

"Haya," alisema, akanitazama muda mrefu kuliko swali lake. "Sheria ni ile ile. Tumesikia."

Jumamosi uwanja ulipambwa makuti na bendera. Jukwaa la wakubwa lilielekea kaskazini, ambako nyuma ya goli kulikuwa na kizuizi cha Momade, na nyuma ya kizuizi ilianza njia ya Kionga iendayo mpakani Ruvuma, nyeupe, imenyooka. Gavana aliketi. Wapiga picha wakafunga vyombo vyao kwenye miguu mitatu. Kreti langu liliwekwa kando ya jukwaa, nipate kushusha furaha ya wenyeji kwa Kireno.

Refa akapuliza, na wale vijana wakakimbia.

Ilikuwa kama maji yaliyowekewa kizuizi mwaka mzima. Wazee walisimama. Kulikuwa na watoto waliokuwa hawajapata kumwona mtu mzima akikimbia, wakalia. Tropa wa kambini, waliozoea kucheza na watu wanaotembea, waligeuka kulia mpira ukiwa kushoto. Goli la kwanza liliingia kabla Gavana hajapokea kinywaji. La pili lilifungwa na Narciso kwa kichwa, na mpiga picha akalikosa kwa sababu alikuwa anashangilia.

"Bidii," alisema Bwana Barradas, akimwegemea Gavana. "Tumeunda kamati."

"Naona," alisema Gavana.

Hapo Amisse aliudaka mpira, akatoka golini kwake, akavuka uwanja wote, akampa Narciso. Narciso alimwinamia kidogo Bwana jukwaani, kwa adabu, kisha akaupiga. Uliruka goli la tropa, ukaruka kizuizi, ukatua njia ya Kionga ukadunda kwenda kaskazini.

Wakaufuata wote. Kipa alitangulia, kama ilivyoagizwa.

Momade alinyanyua boriti ya kizuizi mapema, akasimama wima, akawapigia saluti mmoja mmoja.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza Gavana.

"Kuuchukua mpira, Mheshimiwa."

Waliobaki uwanjani walingoja. Tropa walingoja, mikono kiunoni. Kule mbali Amisse aliufikia mpira, akauinua, akautia kwapani, akaendelea. Vumbi likawa dogo.

"Basta," alisema Bwana Barradas.

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyeketi. Alisema tena amesimama. Akashuka jukwaani akilisema, akavuka uwanja akilisema, na kwa kuwa vijana walikuwa mbali wasingeweza kulisikia, akafanya lile ambalo hakuna mtu wa Tungue aliyekuwa amelifanya bila kibali kwa muda mrefu. Akakimbia. Kofia ikaanguka, akaiacha. Alikimbia kwenda kaskazini, mbele ya Gavana, mbele ya wageni wa Ulaya, na safari hii mpiga picha hakukosa.

Momade akateremsha boriti, akaelekeza bunduki.

"Simama. Marufuku kukimbia."

Bwana hakujua Kiswahili zaidi ya "lete" na "ondoka", lakini bunduki aliielewa. Alitukana baba wa Momade, akajaribu kupita chini ya boriti. Momade akamkamata ukosi. Nikaitwa. Nilikwenda kwa mwendo unaoruhusiwa.

"Mzee Cassamo," alisema Momade, "mwambie Bwana nimepewa amri ya watu kumi na mmoja. Wamepita wote. Huyu hana msamaha."

"Ni Administradori huyu, mwanangu."

"Namwona. Sheria haimwoni. Yeye mwenyewe alisema hata mama yake." Akanionyesha kiganja kimoja, kingine kikiwa kimeshika ukosi.

Nikamweleza Bwana shitaka lake. Akatweta, jasho likimtoka kwa kiwango ambacho kamati ingekisifu.

"Mwambie mjinga huyu não estou a fugir. Estou a correr."

Nimetafsiri miaka mingi, sijawahi kupunguza neno. Nikamgeukia Momade:

"Bwana anasema hakimbii, anakimbia."

Momade alifikiri.

"Basi amekiri," akasema, akamfunga kamba.

Gavana alikuwa amekwisha kufika, na wageni nyuma yake. Alimtazama Bwana Barradas amefungwa, amekosa kofia, uso umeelekea mpakani, na kule mbele yake timu nzima ikiyeyuka. Lugha ya Gavana ina nafasi, nimesema. Ilikuwa na maneno mawili ya kuchagua.

"Barradas," aliuliza, "ulikuwa unataka fugir?"

Jumatatu, kama ilivyoahidiwa, mtu alichukuliwa kutoka Tungue kwa gari la tropa. Alikuwa Bwana Barradas, kwenda kuhojiwa Porto Amélia. Gari lilipita barabara ya Mueda, polepole.

Habari hiyo nililetewa, sikuiona mwenyewe. Jumamosi ile ile, wakubwa wakibishana ni nani amfungue kamba, niliweka kreti langu pembeni ya njia, nikamwamkia Momade, nikapita. Naomba ieleweke kwamba sikukimbia, kwa kuwa nilikula kiapo. Nilitembea. Nilitembea mpaka Kionga, nikatembea mpaka mtoni, nikaketi katika mtumbwi kwa sababu hakuna sheria ya kukaa.

Ng'ambo niliwakuta vijana wamepanda fito mbili mchangani, wanacheza na mpira ule ule wa serikali, na hakuna aliyekuwa akitembea. Amisse aliniona kutoka golini.

"Mzee Cassamo, mbona umechelewa hivyo?"

"Sheria, mwanangu," nikamwambia, nikavua viatu.