Siku Nilidai Bustani ya Himbi Kuwa Parsele Yangu

Wandugu, leo haya imenikuta, na nilitembea kwa miguu yangu mwenyewe kuitafuta.

Munanijua. Mimi ni mutu wa nyumba. Jua ninalionea dirishani. (Mama anasema hata kuku wetu wanajua Goma kunishinda.) Lakini kuna ule muchezo wa telefone: unaelekeza kamera kwa bustani, unaona wanyama wasiokuwako, unawakamata. Mwenye kukamata wengi, bustani inaandikwa jina lake. Nyumba yetu inapakana na bustani ya Himbi. Basi nawindia jikoni, nikingojea maharagi yaive. Mwezi muzima mimi ndiye mwenye bustani!

Leo asubuhi, tangazo: wachezaji wanakanyaga maua, shefu wa kartiye, mukubwa wa mtaa wetu, anataka kuukataza muchezo. Mwenye kupinga aje aseme. Nipoteze bustani yangu? Nikavaa viatu. Viatu, wandugu!

Biro ya shefu ilijaa. Shefu, muzee wa miwani mizito, alikuwa anatunga sheria juu ya wanyama ambao hajawahi kuwaona: "Kila munyama akuwe na karatasi yenye muhuri." Watu wazima wakaitika! (Munyama hayuko. Muhuri utamupiga wapi?)

Nikasimama, kifua mbele. "Muzee, hamuwezi kufunga ile bustani. Ile ni parsele yangu."

Biro nzima ikanigeukia.

Hapa Goma mutu anaweza kutukana mukwe wake, tukamusamehe. Lakini parsele, kiwanja cha mutu!

Shefu akavua miwani. "Yako tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Nani alikuuzia?"

"Hakuna. Niliikamata."

"AMEIKAMATA!" Huyo ni Mama Furaha, anauza maandazi pale mulangoni pa bustani. "Ndivyo wanaanzaka! Kesho ataweka ukuta!"

"Mama, ni kwa telefone tu..."

"Eeh! Ameisha kuiuza kwa telefone!"

Nikamupa shefu telefone ajionee. Kosa la pili. Akasoma kwa sauti, polepole, mbele ya kartiye nzima: "Mwenye bustani: Simba wa Himbi. Jana alitembea: metre kumi na mbili."

Akaniangalia. "Simba. Metre kumi na mbili ni mpaka wapi?"

"Kwa choo, muzee."

Mama Furaha alicheka mpaka akashikwa mabega.

Muchezo haukukatazwa. Mimi peke yangu nililazimishwa kutia sahihi karatasi: naiacha bustani ya Himbi, mimi, watoto wangu na wajukuu wangu. (Hata muchumba sina.) Shefu akapiga muhuri, pa!

Musicheke. Ule muhuri ulikuwa unatafuta munyama. Umemupata.