Shahidi wa Breki

Redio ya duka la fotokopi ndiyo iliyotuharibia asubuhi, sisi wa benchi la Mama Kahawa. Mtangazaji alisema kuanzia mwezi huu, dereva mwenye makosa matatu ya barabarani ndani ya mwaka ananyang'anywa leseni miezi sita. Tukacheka, tukamtazama Breki, dereva wetu wa teksi. Breki hakucheka, maana mfukoni alikuwa na karatasi ya kosa la tatu.

Karatasi ilidai kwamba Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, alipita taa nyekundu kwenye njia panda ya hospitali. Askari alinukuu namba gari likiwa linatokomea.

"Saa nne nilikuwa hapa," akasema. "Gari nililiegesha pale, mlikuwa mnaliona wote. Wakichukua leseni, watoto wangu watakula usukani?"

Faili, mpimaji wa ofisi ya ardhi, akamshauri akubali kosa, aombe msamaha, yaishe. Kuweka wakili kwa taa nyekundu, alisema, ni kumwita daktari bingwa aje kukukata kucha.

Kifungu akatua kikombe. Huyu ndiye wakili wetu wa benchini. Suti yake ni moja, ila maneno hayamwishi. Akatangaza kwamba kesi kama hii anaimaliza kabla kahawa haijapoa, na kwa Breki ataifanya bure, mradi apatikane shahidi mmoja wa kuapa kwamba siku ile alikuwa hapa.

"Mmoja tu? Mbona tulijaa," Breki akasema, akatugeukia.

Ghafla kila mtu akawa na la kutazama barabarani. Faili akajikuna kichwa. Kwenye daftari la ofisini kwake, Jumanne ile alikuwa shambani kwa mjane mmoja, anampimia kiwanja.

"Nikiapa nilikuwa hapa, ofisini watauliza nani alimpimia yule mama," akasema.

Breki akanigeukia mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, wananiita Chaki.

"Jumanne nilikuwa naumwa jino," nikamwambia.

"Jino gani, na ulikuwa unatafuna karanga?"

"Mwalimu mkuu hajui habari za karanga."

"Basi wewe, Kifungu. Si ulimfunga Faili drafti mara tatu?"

"Sheria hainiruhusu, kaka. Wakili hawezi kumtolea ushahidi mteja wake." Alijibu haraka mno, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali.

Breki akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe siku ile nilikuwa nacheka peke yangu hapa." Niliona aibu, nakiri, ila haikutosha kuniponya jino.

Mama Kahawa alikuwa akisuuza vikombe. Akajifuta mikono.

"Mimi nitakwenda. Hapa ndipo kazini kwangu, sijamdanganya mtu."

Tukapumua. Kifungu akamsifu sana, kisha akamfundisha kujibu kwa kifupi na kutosema asichoulizwa.

"Na nikiulizwa, mwanangu?"

"Hawatakuuliza, mama."

Siku ya kesi, Faili aliaga ofisini kwamba anarudi kupima kiwanja kilekile. Mimi jino lilikuwa limenirudia. Tukajibanza benchi la nyuma mahakamani.

Mama Kahawa akaapa, akaeleza alichokiona. Mwendesha mashtaka akadai kwamba anamlinda mteja wake wa kahawa tu. Hakimu akavua miwani.

"Mama, nani mwingine alikuwepo?"

"Wengi, mheshimiwa. Huyu wakili hapa ndiye aliyekuwa akiwafunga wenzake drafti."

Kifungu akasimama, akakaa, akasimama tena. Hakimu akafunua kitabu chake polepole, akasoma kwa sauti. Jumanne ile, saa nne, alikuwa na kesi nyingine ya Kifungu, na iliahirishwa kwa cheti cha daktari kilichosema wakili hawezi hata kuinuka kitandani.

"Shahidi namwamini," hakimu akasema. "Hata mimi siku hiyo nilimtafuta wakili huyu, sikumwona. Dereva aende zake. Wakili abaki."

Breki alilia hadharani, mtu mzima, bila kuficha uso.

Mama Kahawa alikuwa bado kizimbani. Nilimsikia akiuliza kwa adabu zake zote:

"Niwataje na wengine, mheshimiwa?"

Alijibiwa nini, sijui. Mimi na Faili tulikuwa tumeshafika barabarani, kila mmoja anakimbilia kazini kwake.